Tizi la ofisini: Moyo wako, moyo wa mtoto

  Leo tunaziweka pembeni stori za mapenzi na za nani kamchukulia nani. Leo tunapiga tizi.

Usifunge gazeti! Najua neno "mazoezi" likitajwa kuna watu ghafla wanaanza kuumwa goti. Sizungumzii kwenda jimu kutunisha kifua ili upate kuvaa fulana ya kubana. Nazungumzia tizi la ofisi nzima: bosi na tarishi, mhasibu na dereva, dada wa mapokezi na mlinzi wa getini, wote mnatoka jasho pamoja kwa mwezi mmoja, kila kilomita ina bei yake, na mshiko unaopatikana unakwenda kwa mtoto mgonjwa. Basi! Hakuna zaidi ya hapo.

Na leo macho yangu nayaelekeza kwa washkaji wa Tunduma, mkoani Songwe. Wengine msijali, mtasoma kwa kupitia mgongo wao.

Tunduma si mji wa mchezo. Ndio mlango wetu wa kwenda Zambia, na kupitia Zambia kwenda Kongo na kusini mwa Afrika. Sensa ya 2012 ilikuta watu karibu laki moja, ile ya 2022 ikakuta zaidi ya laki mbili. Miaka kumi tu, mji umejaa mara mbili! Malori usiku na mchana, wabadilisha fedha na kwacha zao, mama lishe na masufuria yao, na vijana wa kila kabila wanasaka maisha.

Lakini ukichunguza vizuri, kazi nyingi za pale ni za kukaa. Wakala wa forodha kakaa mbele ya kompyuta anasubiri karatasi za mzigo zipite. Karani wa benki kakaa. Dada wa pesa za simu kakaa kwenye kibanda chake tangu asubuhi. Dereva wa lori ndio usiseme, kakaa tangu bandarini Dar es Salaam, na foleni ikishika tangu kule Mpemba anaendelea kukaa. Mchana chipsi mayai na soda. Jioni nyama choma na za baridi mbili tatu. Usiku kulala, kesho hivyo hivyo. Mwaka wa kwanza suruali inabana. Mwaka wa tatu ukipanda ngazi unahema kama treni ya mizigo mlimani. Mwaka wa tano unaambiwa una presha, unashangaa imetoka wapi. Imetoka kwenye kiti, mwanangu!

Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anahitaji angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani. Usiogope hiyo namba. Ni nusu saa kwa siku, siku tano. Kutembea kwa haraka kunatosha, ili mradi pumzi ipande kidogo na jasho lianze kuchungulia. Huo ndio moyo wako. Sasa njoo kwenye moyo wa pili.

MTOTO ANAYECHOKA KUNYONYA

Duniani kote, katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai, kama wanane hadi kumi hivi huzaliwa na kasoro kwenye moyo. Wengine ni zile tunazoziita mtaani tundu kwenye moyo. Mtoto ananyonya kidogo anaachia, anatoka jasho kichwani, anahema haraka haraka, uzito hauongezeki, kila mara nimonia. Wengine midomo na kucha zinageuka rangi ya bluu. Na wapo waliozaliwa wazima kabisa, wakaugua koo mara kwa mara bila kutibiwa vizuri, na ugonjwa ukashuka mpaka kwenye moyo. Ukiona dalili za namna hiyo kwa mwanao au kwa mtoto wa jirani, usisubiri kuambiwa karogwa. Kimbilia hospitali.

Habari njema ni kwamba mengi ya matatizo haya yanatibika hapa hapa nchini. Zamani ilikuwa ni kusikia fulani kapelekwa India, na wewe usiye na mtu unabaki na maombi. Tangu 2015 tuna Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, JKCI, pale Muhimbili, na watoto wanafanyiwa upasuaji wanarudi nyumbani wakicheza mpira.

Lakini Muhimbili iko wapi? Iko Dar es Salaam. Na Tunduma iko wapi? Mwisho wa barabara! Ni zaidi ya kilomita 900.

Sasa chukulia mama mmoja yuko Majengo au Chapwa, anauza nyanya, ana mtoto wa miezi minane wa namna hiyo. Anaanza hospitali ya karibu. Anapewa rufaa kwenda Mbeya, kilomita mia na kidogo. Mbeya wanamwambia mama, huyu ni wa Dar. Nauli ya basi. Pa kufikia, na Dar hana shangazi wala binamu. Chakula cha wiki mbili au zaidi. Nyanya zinaoza mezani, watoto wengine wawili wamebaki kwa bibi. Hata kama upasuaji utalipiwa na wenye nazo, nani kalipa basi? Mama anaikunja ile karatasi ya rufaa, anaiweka chini ya godoro, anasema nitakwenda mwezi ujao nikipata. Mwezi ujao hapati. Na ule moyo mdogo hausubiri mwezi ujao.

Hapo ndipo ninapowaitia nyinyi wa ofisini.

WENZENU WAMEANZA ZAMANI

Msije mkadhani nimeota. Mwaka 2002 watu wa Mgodi wa Dhahabu wa Geita walianzisha safari ya kupanda Mlima Kilimanjaro ili kuchangisha pesa za mapambano dhidi ya UKIMWI. Baadaye wakaongeza na baiskeli, wengine wanapanda mlima, wengine wanauzunguka kwa magurudumu. Kilimanjaro ni mita 5,895, siyo kilima cha nyuma ya nyumba yenu! Zoezi hilo limedumu miaka na miaka, na miongoni mwa walionufaika ni watoto yatima wa kituo cha Moyo wa Huruma pale pale Geita.

Mwaka 2020 Benki ya CRDB nayo ikaanzisha mbio zake Dar es Salaam. Pesa za mwaka ule wa kwanza zikaelekezwa wapi? JKCI, kwa upasuaji wa moyo wa watoto. Wafanyakazi wa makampuni mbalimbali wakaingia barabarani na raba zao, mabosi wenye vitambi wakihema ile mbaya, na mwisho wa siku kuna watoto wakafunguliwa vifua wakatengenezwa.

Hata huko ughaibuni ni hivyo hivyo. Mwaka 1980 kijana mmoja wa Kanada, Terry Fox, aliyekatwa mguu kwa ajili ya saratani, aliamua kukimbia kuvuka nchi yake kwa mguu wa bandia. Alikimbia siku 143, zaidi ya kilomita 5,300, mpaka saratani ilipomrudia mapafuni ikamsimamisha. Unajua alikuwa anaomba nini? Dola moja tu kwa kila Mkanada. Hakuomba mamilioni kwa tajiri mmoja. Aliomba kidogo kwa kila mtu. Liweke hilo kichwani, tutalirudia.

Na asije mtu akakwambia mambo haya ni ya kuiga. Mwalimu Nyerere mwenyewe Oktoba 1967 alitembea kwa miguu kutoka Butiama mpaka Mwanza kuunga mkono Azimio la Arusha. Rais wa nchi! Na sisi sote tuliosoma shule za msingi za Bongo tumepigishwa mchakamchaka alfajiri na baridi yake, ukichelewa fimbo. Miguu tunayo. Tumeisahau tu chini ya meza.

RELI NZIMA KWA MIGUU

Najua kuna mtu anasema: "Ah, hao ni mgodi na benki, sisi ofisi yetu ina watu ishirini na feni moja mbovu." Sawa kabisa. Nyinyi siyo benki, kwa hiyo msijifanye benki. Kulipia upasuaji waachieni wenye ubavu huo. Nyinyi chukueni kile kinachowashinda akina mama kabla hata hawajafika kwenye mlango wa upasuaji: nauli, pa kulala, chakula. Kitu kidogo kinachoweza kumalizika. Heri mtoto mmoja aliyefikishwa Dar kuliko ahadi ya watoto hamsini iliyoishia kwenye hotuba.

Sasa, mnafanyaje? Mimi nina wazo, na mtaniambia kama ni bomba au ni kimeo.

TAZARA inapita hapo hapo Tunduma. Reli ile iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 ina urefu wa kilomita 1,860, kuanzia Dar es Salaam mpaka New Kapiri Mposhi kule Zambia. Ofisi yenu iweke lengo la kuitembea reli nzima. Siyo kwenda relini, jamani, mtagongwa! Namaanisha kila mtu anatembea au anakimbia mtaani kwake, jioni mnajumlisha kilomita za wote, mnaweka alama kwenye ramani iliyobandikwa ukutani. Leo tumefika Kidatu! Wiki ijayo tuko Makambako! Siku mkifika Tunduma, ambako ni kama nusu ya safari, mnanunuliana karanga.

Piga hesabu. Watu 20 kwa kilomita 1,860 ni kilomita 93 kwa mtu. Ugawe kwa siku 30, ni kilomita 3 na kidogo kwa siku. Hiyo ni dakika arobaini hivi za mwendo wa haraka. Mtu anayekaa Sogea na kufanya kazi Kastam anaweza kuzimaliza kwa kuacha bodaboda tu! Na zile dakika 150 za wiki umeshazipita bila kujua.

Haya, pesa. Hapa Mtanzania hahitaji kufundishwa. Sisi ndio mabingwa wa kuchangisha. Ikija harusi tunaunda kamati, mwenyekiti, katibu, mweka hazina, tunagawa kadi, tunaandika ahadi, tunafuatilia mpaka mtu anazima simu. Kwa nini ujuzi wote huo uishie kwenye pilau na keki? Kila mwanatimu atafute watu watano: mjomba, mteja, jirani, shemeji, rafiki wa utotoni. Kila mmoja aahidi shilingi 100 kwa kila kilomita utakayotembea. Shilingi 100! Haipo hata pipi. Ukimaliza kilomita 93, kila mmoja anadaiwa 9,300. Watano ni 46,500. Mara watu 20 ni shilingi 930,000.

Umeona sasa? Ile barabara ya kilomita 900 na ushee kwenda Dar, kila kilomita moja imepata kama shilingi elfu moja nyuma yake. Hakuna aliyeuza shamba. Ni kidogo kidogo cha Terry Fox.

WAFUATAO WATATOKEA TU

Katika kila timu ya ofisi wapo hawa, nawataja mapema ili msishangae.

Yupo Bwana Kuuza Sura. Huyu ana traksuti mpya, raba nyeupe, miwani na chupa ya maji yenye mrija. Atapiga picha thelathini kabla ya kuanza. Akishatembea mita mia mbili utamkuta kwa mama lishe anakunywa supu. Mvumilieni, ana kazi yake: picha zake zitaleta wachangiaji.

Yupo Mzee wa Udhuru. Jumatatu ana mafua, Jumanne kafiwa na jirani wa mkwewe, Jumatano mvua imemtazama vibaya. Dawa yake ni kumpa ukatibu. Akishaanza kuandika kilomita za wenzake, aibu itamvuta mwenyewe.

Yupo Kamanda. Alipitia JKT, au anasema alipitia. Anataka wote wakimbie kama makuruta. Mwambieni kwa heshima: "Kaka, hapa hatuendi vitani." Mtu aliyekaa miaka mitano kwenye kiti ukimkimbiza kilomita kumi siku ya kwanza unamtafutia matatizo.

Na yupo Mwizi wa Hatua! Huyu ni noma. Siku hizi simu inahesabu hatua, basi yeye kaikabidhi kwa mtoto akacheze nayo rede, au yuko kwenye kochi anaitikisa simu huku anatazama mpira. Jioni anatangaza hatua 25,000. Mshikaji, unamwibia nani? Unamwibia mtoto wa miezi minane?

Na kwa kuwa tumezitaja hatua, nikupe siri. Ile namba ya hatua 10,000 kwa siku inayowaumiza watu vichwa haikutoka kwa daktari. Ilitoka Japani katika miaka ya 1960, kwenye biashara ya kifaa cha kupimia hatua kilichopewa jina lenye maana ya mita ya hatua elfu kumi. Namba ilipendeza, ikasambaa dunia nzima. Tafiti za baadaye zimeonyesha faida inaanza kuonekana kabla hujafika huko. Kwa hiyo dada yangu ukipata 6,000 usilie, umefanya kazi.

FULANA ISILE MTOTO

Sasa tuseme ukweli wenyewe, kwa sababu hapa ndipo mambo mengi ya hisani yanapofia.

Kikao cha kwanza cha kamati, kabla hata hamjajua mtoto gani na wapi, mtu atanyoosha mkono aseme: "Mwenyekiti, tuanze na fulana." Wote watashangilia. Tuseme fulana moja ni 15,000. Ishirini ni 300,000. Tayari theluthi ya zile 930,000 imekwenda kwenye nguo! Mwingine ataleta hoja ya spika za muziki. Mwingine soda na vitafunwa. Mwingine atataka mgeni rasmi, na mgeni rasmi hasimami juani, anataka turubai na viti na maua. Siku ya kukabidhi mnakuta kwenye bahasha imebaki laki na nusu, mnaishika watu wanane mkipiga nayo picha. Mama wa nyanya anapata nauli ya kwenda bila ya kurudi.

Kanuni yangu ni rahisi: shilingi ya ahadi isiguse fulana. Mkitaka kupendeza, jichangieni wenyewe mbali, au muombeni mwajiri alipe. Kama hakuna, vaeni kila mtu fulana yake ya zamani, hata ile ya kampeni ya uchaguzi uliopita. Jasho halichagui rangi.

Kanuni ya pili: karatasi ukutani. Jina la aliyeahidi, alichoahidi, alicholipa, kilichotumika, risiti pembeni. Kila mtu asome, hata mfagizi. Mweka hazina mwaminifu hatachukia; akichukia, badilisheni mweka hazina. Pesa ikae kwenye akaunti au laini inayofunguliwa na watu wawili, isilale kwenye mfuko wa suruali ya mtu. Suruali zina shida nyingi mwisho wa mwezi.

Kanuni ya tatu: msimtafute mtoto kwa kusikia sikia. Nendeni kwa ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri, au yule wa hospitali mnayoipata kwa urahisi, iwe hapo Tunduma au ya rufaa ya mkoa pale Vwawa. Hao ndio wanaoziona karatasi za rufaa zinazokunjwa. Wao watasema nani ana rufaa halali na nani kakwama kwa nauli. Kama moyo wenu uko kwa makao ya watoto badala ya wagonjwa, nako ni kuzuri, lakini waulizeni kwanza kama makao hayo yana leseni. Tangu Sheria ya Mtoto ya 2009 makao ya watoto lazima yasajiliwe. Pesa yenye huruma bila macho huwanenepesha matapeli.

Kanuni ya nne, na hii naiomba kwa magoti: msimuuze mtoto. Msimshikishe mama bahasha mbele ya kamera, na mwanaye mgonjwa mgongoni, eti ili wachangiaji waone. Wachangiaji waonyeshwe risiti ya basi. Yule mama ana majirani, ana wakwe, na huyo mtoto atakua asome picha yake mwenyewe. Heshima haina gharama yoyote.

Na bosi, nakuamkia, shikamoo. Usikate mishahara ya watu eti kwa ajili ya hisani. Mchango wa kulazimishwa ni kodi. Wewe fanya kitu kimoja tu: kila shilingi vijana wako watakayokusanya, kampuni iweke nyingine juu yake. Halafu siku ya kwanza toka na bukta yako, tembea nao. Mtaona mambo. Karani aliyekuogopa miaka mitatu atakuambia palipooza kwenye kazi yenu mkiwa kilomita ya pili, jambo ambalo hakulisema kwenye vikao ishirini. Mkihema pamoja, vyeo vinapungua uzito.

JIHADHARINI NA LORI

Kabla sijafunga, maneno machache ya usalama. Tunduma barabara kuu siyo uwanja wa mazoezi. Malori hayana mchezo, na dereva aliyelala saa tatu usiku kucha hakuoni ukiwa na nguo nyeusi alfajiri. Tumieni barabara za mitaani, tembeeni mkitazamana na magari yanakotoka, vaeni rangi zinazoonekana, na msizibe masikio na muziki. Mkitaka kutoka kundi kubwa siku ya mwisho, waambieni polisi na ofisi ya mtendaji mapema.

Mwenye presha, kisukari, mjamzito, au anayebanwa kifua akipanda ngazi, amuone daktari kwanza. Na wote mkapimwe presha siku ya kwanza na siku ya thelathini. Andika pembeni. Hiyo ndiyo zawadi yako, nayo haifui wala haichakai kama fulana.

Kuna baridi pia. Tunduma iko juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na Juni na Julai asubuhi inauma. Anzeni polepole, mwili upate moto kabla ya kuongeza mwendo. Mkichoka kuzunguka mitaa ile ile, Jumamosi moja chukueni gari mpaka Mbozi, mtembee kwenda kukiona kimondo kule Ndolezi. Lile dude la chuma lenye uzito wa zaidi ya tani kumi limetoka angani huko, wageni wanapanda ndege kuja kulitazama, na wewe wa Tunduma hujawahi hata kuligusa. Aibu!

Na mkishaizoea, wachokozeni majirani. Ng'ambo ya pili ni Nakonde. Tangu Oktoba 2019 mpaka huu una kituo kimoja cha pamoja, kilichofunguliwa na Rais Magufuli na Rais Lungu, na watu wa pande mbili wanaonana kila siku juu ya karatasi. Ofisi ya Tunduma itembee upande wake, ya Nakonde itembee upande wake, mwisho wa mwezi mlinganishe kilomita. Reli ni ya nchi mbili, nao wana watoto wenye mioyo. Atakayeshindwa anunue chai.

Msomaji wangu, mwezi mmoja ni mfupi. Utapita tu, utembee usitembee. Ukikaa, siku ya thelathini utakuwa na kitambi kile kile na stori zile zile. Ukitembea, suruali itapumua, utakuwa umejuana na watu uliokaa nao miaka, na mama mmoja atakuwa ameichomoa karatasi yake chini ya godoro. Alfajiri moja atakuwa stendi na mwanaye mgongoni, tiketi ya kwenda na ya kurudi mkononi. Hatakujua jina, na wala hana haja ya kukujua.

Haya, amkeni kwenye viti. Ahadi ni deni. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.